Niliitika Mahali pa Marcellin

Mimi Théoneste sikuwa mutoto wa kuogopa. Mwaka wa 1966, kwa shule ya walimu kule mulimani Masisi, hakuna mwanafunzi aliyenishinda kuiga sauti. Nilikohoa kama Père Directeur, padri mukubwa wa shule, mupaka wapishi wakasimama wima.

Njo maana Marcellin alinichagua mimi.

Jumamosi moja alitaka kushuka Kashebere, ngambo ya mutoni, bila ruhusa, kuona mama yake mugonjwa. Alikuwa amekosa appel, kuitwa majina ya jioni, mara mbili. Ya tatu ni kufukuzwa. Aliniita nyuma ya dortoir, nyumba yetu ya kulala, ile ya matofali yenye Wazungu walijenga mbele ya uhuru, akaniomba niitike mahali pake. Nikacheka. Kwetu internat, shule ya kulala, ilikuwa desturi: kaka akikosa, kaka mwingine anaitika.

Saa kumi na mbili ya jioni tukatoka kuchota maji, tukajipanga ndani ya réfectoire, chumba cha kulia. Ukungu ulikuwa unaingia kwa madirisha. Harufu ya maharagi yaliyoungua. Surveillant, mwangalizi wetu Papa Gustave, alikuwa anasoma majina kichwa chini, macho yake mabovu.

"Marcellin."

"Présent." Sauti yake kabisa. Nikajisifu ndani ya roho.

Kisha... to. To. To.

Maji. Nyuma yangu, pale Marcellin anasimamaka. Simenti yote kavu, lakini pale kuko alama mbili za miguu, zimejaa maji. Harufu ya matope ya mutoni.

Na hakuna muntu.

Mbele tumalize kula, wanaume wawili wa Kashebere wakaingia. Wakasema daraja ya kamba ya mutoni ilikatika saa tisa. Marcellin alikwenda na maji. Mwili haukuonekana.

Saa tisa. Na mimi niliitika saa kumi na mbili.

Nikakimbilia kwa mupishi, Mama Verdiane, nikamueleza yote. Aliacha mwiko ndani ya chungu, akanong'ona:

"Kwetu, muntu akikufa mu maji, tunaita jina lake jioni, wote tunanyamaza. Njo anajua kama amekufa, anakwenda."

"Na sasa, Mama?"

"Wewe ulimuitikia, mwanangu. Nani atamuambia kama amekufa?"

Kesho yake jina la Marcellin lilikuwa limefutwa na wino mwekundu. Papa Gustave akaliruka, akafika kwangu.

"Théoneste."

Nikafungua mudomo...

"Présent."

Sauti yangu. Lakini mimi sikuwa nimesema kitu. Papa Gustave akaendelea na majina. Nikaitika tena kwa nguvu, wenzangu wakanicheka: umeshaitika, kaka, unataka kula mara mbili?

To. To.

Diplôme nilipata, nikafundisha Pinga miaka mingi. Watu wanasema niko na mudomo mingi. Ni kweli, ninaongea kutwa. Lakini jioni bibi yangu wa ndoa, Emérence, anajua: asiniite jina.

Juzi alisahau. Aliniita kutoka jikoni. Mimi nilikuwa inje, kwa mulango wa kiwanja, nimefunga mudomo.

Ndani ya chumba chetu, sauti yangu ikaitika.

"Basi kuya kula," Emérence akaiambia.