Kijiti Kilichokwenda kwa Jina la Mwingine

Sogeeni, mama zangu na binti zangu. Nanyi waume msiinuke, haya yanawahusu.

Nyumba ya Kellen kule Kicukiro ilikuwa na amani. Asubuhi ilinukia chai ya maziwa na tangawizi, ua umefagiliwa, maua ya kibarazani yamemwagiwa maji. Mikono iliyofanya yote hayo ni ya Nyiransabimana, mfanyakazi wa nyumbani, ambaye watoto wake walilelewa na dada yake kule Gitega. Kellen yeye aliongoza akina mama kanisani, na kuhimiza wengine alikujua sana.

Ndipo muuguzi Winifred alipofika kanisani. Akaeleza kwamba upimaji wa kansa ya mlango wa kizazi umebadilika. Zamani mama alilala kitandani, akapakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kuangaliwa. Sasa mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye brashi laini, kisha maabara inatafuta virusi vinavyoleta kansa hiyo. Kellen alitangulia kupiga makofi, akasema asiyerudisha kijiti ni mwoga.

Mwoga alikuwa yeye. Kijiti alichopewa kilikaa mkobani, akikikwepa kama nyoka. Siku ya kukirudisha akamwita Nyiransabimana chumbani, akamnyoshea kijiti.

"Nifanyie hii."

"Mabuja," alisema, kwani ndivyo alivyomwita mwajiri wake, "si iko na jina lako?"

"Jina si mwili. Nawe itakusaidia, majibu nitakuambia."

Majibu yakaja kwenye simu ya Kellen: virusi vimeonekana, afike kituo cha afya aangaliwe; kukiwa na dalili za mwanzo sehemu hiyo itachomwa kwa joto, kazi fupi, na arudi nyumbani kwa miguu yake. Kellen aliyasoma amesimama jikoni, mwenye virusi akimenya viazi mbele yake. Hebu fikirini! Sentensi moja tu ilitakiwa. Lakini angesema, Winifred angejua, na kanisa zima lingecheka. Nyiransabimana alipouliza, akajibiwa bila kutazamwa, "Uko mzima." Winifred alipopiga simu, Kellen akadai ameshatibiwa kwingine.

Neno hilo ndilo lililomla Nyiransabimana. Mshauri wa afya wa mtaani alipomhimiza akapime, alimjibu kwa furaha kwamba alishapima, yu mzima. Miaka michache baadaye damu ilipomtoka nje ya siku zake, akasema ni uchovu. Mpaka alipoanguka sokoni na kufikishwa hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Kellen alikwenda kumwona na chupa ya uji. Alilia, akaungama yote. Nyiransabimana hakupaza sauti.

"Ungeniambia tu, Mabuja. Ile ya jina ningekutunzia. Siri zako ngapi nimezitunza?"

Uji ulipoa bila kuguswa. Tulimzika kabla mvua hazijaanza, na watoto wake wakabaki Gitega. Na Kellen? Siku ya mazishi alisimama pale na vazi lake zuri jeusi, mwili wake mwenyewe bado haujapimwa.

FUNZO

Kumtuma mtu sokoni ni sawa. Kumtuma akapimwe badala yako ni upumbavu, na kumficha majibu yake ni kuua. Kukutwa na virusi si kukutwa na kansa. Ni kuitwa mapema. Ukiitwa, nenda. Na ukijua la mwili wa mwenzako, mwambie leo, hata kama uso wako utawaka kwa aibu. Aibu hupona. Nyiransabimana hakupona.