Saini ya Naima kwenye Korongo la Haneti

— Hii saini ni ya nani, Naima?

Abbasi aliuliza huku kidole chake kikigandamiza ramani ya mgodi iliyobandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Walikuwa na miezi minne ya uchumba, na siku zote alimwita "mpenzi". Leo alimwita kwa jina lake.

— Ni yangu.

— Hapa pa kumwaga kifusi umeandika "korongo kavu, halina matumizi". Twende ukalione.

Korongoni, mama yake Abbasi, Bi Mwamvua, alikuwa amezama hadi kiunoni ndani ya shimo la mchanga, akichota maji kwa kata na kujaza ndoo. Wanawake saba walingoja zamu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, injinia.

Injinia! Jana tu alimwita "mwanangu". Naima alitamani ardhi ipasuke immeze. Kwao, milimani Kondoa, maji hutiririka yenyewe. Hakuna anayeyafukua mchangani. Alipopima hapa Machi, watu wakikinga maji ya mvua majumbani, aliona mchanga mtupu bila shimo hata moja, na wala hakuuliza. Yeye, aliyewahubiria wenzake kila siku kwamba mgodi mzuri huanza kwa kuwasikiliza wenyeji!

— Nilikosea, Abbasi.

— Usiniambie mimi. Kesho kuna mkutano wa kijiji. Ramani hiyo ikipita, posa yangu naiondoa. Nakupenda, lakini nitamwangaliaje mama?

Naima alimpigia meneja wake, Bartolomayo.

— Bosi, ramani ina kosa. Kifusi kitafukia maji ya watu.

— Tutawachimbia kisima baadaye.

— Baadaye lini?

— Naima, usituharibie. Ukisema mbele ya kijiji kwamba tulikosea, kibali kitachelewa miezi. Na ile nafasi ya mkuu wa mipango uisahau.

Nafasi hiyo aliisotea miaka sita. Naima alilia, akanawa uso, kisha akachukua kalamu nyekundu na kuanza kuchora upya.

Asubuhi yake mkutano ulifurika. Bartolomayo alieleza ajira na barabara, watu wakapiga makofi. Kisha akamkaribisha injinia. Naima alisimama, akaikunjua ile ramani yenye saini yake.

— Ndugu zangu, ramani hii naikataa. Nimeisaini mwenyewe, na nimekosea mwenyewe. Niliandika kwamba korongo halina matumizi kwa sababu sikumuuliza hata mama mmoja. Kifusi kitahamia upande wa pili wa kilima. Na safari hii sisaini mpaka akina mama watembee na mimi, waniwekee wao wenyewe vigingi vya mpaka.

Bartolomayo alikusanya makaratasi yake akaondoka bila kuaga. Naima alijua nafasi ile imekwenda naye.

Bi Mwamvua akasimama, khanga yake bado ina mchanga.

— Wakubwa wengi wamekuja hapa. Sijawahi kumsikia mmoja akisema amekosea. Mwanangu, kesho alfajiri. Vaa viatu vya kutembelea.

Naima alikaa, machozi yakimtoka wazi. Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Abbasi, aliyeketi safu ya nyuma:

"Nisamehe mpenzi. Nilikutishia badala ya kukushika mkono. Bado unanitaka?"

Akajibu:

"Mimi nimeomba radhi mbele ya kijiji kizima. Wewe unajificha kwenye simu?"

Nyuma kule kiti kikakwaruza sakafu.

— Mwenyekiti — alisema Abbasi, akiwa amesimama — naomba dakika moja. Nina langu na huyu injinia, na nataka nyote mlisikie.