Chupa Iliyoganda

Kila asubuhi kabla ya shule, Dasol aliketi sakafuni, akaupakata mguu wa bibi yake na kufungua bandeji. Kisukari kilikuwa kimeiharibu mishipa ya bibi, na chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda kilichokataa kupona kwa miezi saba. Dasol alidondosha matone manne ya dawa, akahesabu hadi sitini, kisha akafunga upya.

"Taratibu, we mtoto! Unafunga mguu au unafunga kabichi?" bibi alimtania.

Kazi hiyo alikabidhiwa na Nesi Myeong, aliyekuja kila Jumanne kutoka hospitali ya mji wa Cheongju. Dawa ilikuwa ya majaribio. Ilikuwa protini kama ile iliyomo mwilini mwa binadamu, ila hii ilitengenezwa maabara, ili iuamshe mwili uoteshe mishipa mipya ya damu na kuiimarisha.

"Ikae kwenye friji, lakini isigande," nesi alionya. "Ikiganda, imekufa. Ikitokea, nipigie simu."

Na dawa ilifanya kazi! Kingo za kidonda zilianza kuwa nyekundu, zikasogeleana.

Ikafika Jumamosi ya kutengeneza kimchi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili. Kabichi mia moja na ishirini zilijaa uani, majirani wakipaka pilipili huku wakitaniana na kucheka. Friji ya jikoni ilishindiliwa nyama na chaza. Dasol, mikono imelowa chumvi na wenzake wanamwita, hakuona pa kuirudisha chupa ya dawa. Akaitumbukiza kwenye friji ya pili, ile ya kuhifadhia kimchi, akakimbia. Jioni mama akaijaza friji hiyo kimchi mpya na kuongeza baridi hadi mwisho.

Jumapili asubuhi chupa ilikuwa barafu tupu.

Lo! Dasol akaificha chini ya blanketi, pale sakafu yao ya kupashwa moto inapopata joto zaidi, mpaka ikayeyuka. Dawa ilikuwa angavu kama jana. Nani atajua? Akadondosha matone manne.

"Dawa inakaa vizuri?" Nesi Myeong aliuliza Jumanne.

"Ndiyo, nesi," Dasol alijibu.

Jumanne ya pili nesi alikunja uso. Kingo zilikuwa zimepauka. "Ajabu. Haijaganda hata mara moja?"

"Hapana, nesi." Dasol alidanganya tena.

Siku ya kumi na moja bibi aliamka na homa kali, hajui hata yuko wapi. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Mama aliendesha gari mbio hadi Cheongju.

Kwenye korido ya hospitali, daktari alimweleza mama waziwazi. "Dawa imeshindwa mwilini mwake. Mishipa haioti. Nashauri tukate mguu juu ya kifundo, leo hii."

Mama alishika ukuta. Maneno yakamtoka Dasol kwa kilio.

"Dawa haijashindwa! Iliganda! Mimi niliigandisha, nikaiyeyusha, nikanyamaza!"

"Tangu lini?" Nesi Myeong aliuliza.

"Tangu Jumapili ile baada ya kutengeneza kimchi. Siku kumi na moja."

"Basi dawa nzima bado inaweza kufanya kazi," daktari alisema, na yeye na nesi wakaingia ndani mbio. Walikata vidole viwili tu, wakasafisha, wakaanza chupa mpya. Ilipita wiki nzima ndipo wakasema mguu utabaki.

Nesi Myeong alimketisha Dasol kwenye benchi. Hakumfokea.

"Sikiliza, mwanangu. Kugandisha dawa ni bahati mbaya. Ungenipigia, kesho yake ningeleta nyingine, na bibi angekuwa na vidole vyake. Kilichovila ni kimya chako. Uliposema kweli, uliuokoa mguu. Lakini siku kumi na moja hazirudi, na mimi siwezi kukudanganya kwamba zitarudi."

Dasol alilia mpaka kwikwi zikamshika.

Siku homa ilipomwachia, bibi aliutazama mguu uliovimba kwa bandeji. "Vimebaki vingapi?"

Mama aliangalia dirishani. Nesi alianza kujibu, lakini Dasol akamtangulia.

"Vitatu, bibi. Dawa iliganda kwa uzembe wangu, nikakuficha. Ni mimi."

Machozi yalimtiririka bibi hadi masikioni. Dasol alisimama palepale, hakukimbia.

"Imeniuma sana," bibi alisema mwishowe. "Lakini kweli nimeisikia kinywani mwako mwenyewe. Sogea hapa, ukae nami."