Tone la Utomvu Mbawani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yuhe aliwalisha senene vipande vya karoti. Kila mmoja aliishi ndani ya kibuyu chake, na vibuyu vilipangwa juu ya kitanda cha matofali kilichopashwa moto kwa chini, kwa sababu nje theluji ilikuwa imefunika kijiji kizima. Senene dume huimba kwa kusugua mbawa zake, na wakati wa baridi wazee wa mjini huwagombania wenye sauti nzito. Familia ya Babu Meng iliishi kwa sauti hizo.

Siku moja Babu alipanga kuchagua dume mmoja wa kuwekwa pamoja na majike, awe baba wa senene wote wa mwaka ujao. Yuhe alikuwa amemlea wake tangu akiwa mdogo kama sisimizi. Tatizo ni kwamba sauti yake ilikuwa nyembamba mno.

"Huyo wako anaimba au ana mafua?" binamu yake Dalin alimcheka.

"Utaona, mdomo mkubwa wewe!"

Maneno yale yalimkera Yuhe. Akafanya kama wafanyavyo wachuuzi: akayeyusha utomvu wa msonobari na nta, akamdondoshea senene tone dogo mbawani. Mbawa zikawa nzito, na sauti nayo ikawa nzito. Sokoni si kosa, mradi mnunuzi aambiwe. Yuhe hakumwambia mtu.

Jioni Babu alisikiliza kibuyu kimoja baada ya kingine, macho ameyafumba. Kwenye kile cha Yuhe akatabasamu.

"Huyu ndiye! Mjukuu wangu, mkono wako una baraka. Hao wengine wataenda mjini kesho."

Dalin alinywea. Yuhe naye, aliyetarajia kuruka kwa furaha, alimkimbilia Babu. Babu alikwisha kufungua tundu la majike.

"Babu, usimtie humo! Nimempaka utomvu."

Babu akavaa miwani, akamsogeza senene kwenye taa, akaliona tone.

"Utomvu haurithiwi, mjukuu wangu. Watoto wake wangezaliwa na sauti yake mwenyewe, na mwaka mzima tungelisha senene wasiotakiwa na mtu."

"Nisamehe, Babu. Lakini mbona hukuliona mapema?"

"Senene wa watu baki nawakagua mbawa. Wako sikumkagua kwa kuwa ni wako."

Yuhe alilia kwa aibu. Babu akachukua kibuyu cha Dalin, kilichofuatia kwa sauti nzito, lakini kabla ya kumtia dume tunduni, akamgeuza taratibu kwenye mwanga.

"Babu, mimi sijapaka kitu!" Dalin alilalamika.

"Najua. Lakini mtu mmoja akidanganya, nyumba nzima hukaguliwa." Akamtia dume wa Dalin kwenye tundu, kisha akamgeukia Yuhe. "Umesema kabla sijafunga mlango wa tundu, na hilo nimelipokea. Ila mwakani nitavaa miwani hata kwa senene wako. Mwaka wa kuivua utaniambia wewe, kwa kazi yako."