Sarafu Aliyoiita Kifungo

Jana jioni mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu alikuwa anatazama kushoto. Fundi saa alikuwa na hakika, maana alimkagua kwa kioo cha kukuzia mpaka jicho likamuuma. Asubuhi hii, alipovuta droo, mwanamke alikuwa anatazama kulia.

"Uchovu tu," alijiambia, akaifunga droo.

Sarafu haikuwa yake. Ilichimbuliwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, mpaka rangi wa nyumba ambaye siku zake za mapumziko ziliishia kwenye viwanja vya nyumba zilizobomolewa, akipitisha mashine yake ya kutafuta chuma ardhini. Mashine ikilia, anachimba. Anachopata anakileta kwa fundi saa akitambue. Fundi anakiloweka kwenye maji ya sabuni, anakisugua kwa mswaki laini, anakigusisha sumaku, anakipima kiganjani. Hii bawaba ya sanduku. Hii sarafu ya shaba. Hii risasi tupu. Miaka mitatu alifanya kazi hiyo, na sifa zote zikaenda kwa mwenye mashine. Hata nyumbani, wakati wa kula, mkewe alikuwa na wimbo mmoja: "Kaka yangu ana mkono wa bahati." Fundi alikuwa akinawa kabla hajashiba.

Basi shemeji alipoleta kipande cheusi chenye tundu ukingoni, na mswaki ukafunua fedha halisi, uso wa mwanamke na maandishi ambayo fundi hajawahi kuyaona kwenye kitabu chochote, alikifumba kiganjani haraka.

"Vipi, shem? Tumeotea?"

"Kifungo cha koti. Bati hilo."

"Aa, kitupe basi."

Hakukitupa. Alikificha kwenye droo, na baada ya asubuhi ile alikitia uzi, akakivaa ndani ya shati.

Haikupita wiki, mkewe akamsogelea na kumnong'oneza, kama anaogopa kusikiwa na kuta. "Baba watoto, huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Usinifanye mjinga. Shati lako linanukia manukato. Manukato na udongo mbichi."

Alikana. Lakini alipokuwa peke yake aliitoa ile sarafu, na mwanamke sasa alikuwa anamtazama yeye, uso kwa uso.

Siku iliyofuata, mchana wa jua kali, mkewe alimletea chakula dukani. Alipokanyaga kizingiti tu, saa zote ukutani zilinyamaza kwa pamoja, ile harufu ikapanda kutoka sakafuni kama kaburi limefunuliwa, sarafu ikamchoma fundi kifuani, na mkewe akaachia bakuli na kushika mkono wake, kwa sababu pete ya ndoa ilikuwa inabana, inaendelea kubana, inazama kwenye nyama mpaka kidole kikawa cha zambarau, na fundi aliposhika msumeno wake mwembamba aikate, meno ya msumeno yakakatika moja baada ya jingine, huku sauti laini ikimwambia kutoka ndani ya shati lake mwenyewe: "Mwambie atoke. Wewe ni wangu."

Walikimbilia kwa mkunga mstaafu wa mtaa wa nyuma, aliyejua kutoa majini kama alivyojua kuzalisha.

"Watoto wana nafuu," alisema, akikitazama kidole. "Wao hutaka kutoka. Kilichimbwa na nani hicho ulichovaa?"

"Shemeji yangu."

"Anajua unacho?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mkewe, machozi yakimtiririka, alimtazama kama anamwona mara ya kwanza.

"Jini huyu ana wivu, na wewe ulimkaribisha kwa wivu wako," mkunga alisema. "Mwambie shemeji yako ukweli. Akirudishe alipokitoa, kabla jua halijazama. La sivyo hicho kidole ni mwanzo tu."

Fundi alimfuata shemeji, akakiri yote. "Kwa hiyo ni fedha," shemeji alisema polepole. Alinyoosha mkono, akapokea, akaondoka na koleo lake. Jua lilipokaribia kuzama, pete ililegea, ikadondoka yenyewe.

"Nimeshazika," shemeji alisema aliporudi, macho yakiwa chini.

Siku tatu baadaye fundi alipita nje ya chumba cha shemeji, aliyeishi peke yake. Ndani kulikuwa na kicheko cha mwanamke, cha chini, cha mtu anayebembelezwa. Manukato yalitokea chini ya mlango. Alichungulia kwenye ufa: shemeji amekaa kitandani, ngumi ameifumba karibu na mdomo, uzi ukining'inia, anazungumza nayo kwa upole.

Miguu ilimwambia akimbie. Lakini kilichompanda kifuani hakikuwa woga. Yeye alimvaa usiku na mchana, akamnusuru asitupwe jalalani, na mwanamke huyo hata siku moja hakuwahi kumchekea.

Aligonga mlango.

"Nifungulie, shemeji," alisema. "Una mke wangu humo ndani."