Bei Iliyokatwa Mstari

Kila nikitoka shule nilikuwa nakunja mablanketi ya sufu aliyofuma mama, huku nikitafuna mahindi ya kukaanga. Siku moja binamu yangu Edison akaingia na kompyuta kwapani. Alikuwa amesomea biashara Quito, mji mkuu wetu, kwa wiki tatu nzima, na kwa hizo wiki tatu alitaka tumwite mhandisi. Miwani ya jua hakuivua hata ndani ya nyumba.

Ubaya ni kwamba tulimhitaji. Paa la chumba cha kufumia lilivuja, na mvua zilikuwa njiani. Hoteli moja ya mji wa Cuenca ilitafuta mablanketi ishirini mtandaoni. Tungeyauza sisi, tungepata paa jipya.

Edison alitengeneza duka la mtandaoni, akaniachia kazi ya kujaza bei. Palikuwa na nafasi ya bei ya sasa, na nyingine ya bei ya zamani, ile inayoonekana imekatwa mstari.

"Hapa thelathini, huku tisini," alisema.

"Lakini hatujawahi kuuza tisini."

"Wee Tamia, mshamba kweli! Kwani kompyuta itakuuliza?"

Kompyuta haikuuliza. Nilijua ni uongo, nikaandika kwa kuogopa kuitwa mshamba. Sababu ya kipumbavu kuliko hiyo sijaisikia hata kwa mtoto wa chekechea.

Jumamosi Bi Maruja, mnunuzi wa hoteli, alifika mwenyewe mezani petu sokoni Otavalo. Akalipapasa blanketi. "Hili ndilo lililokuwa dola tisini?"

Mama, ambaye hakuwahi kulifungua duka la Edison, akaangua kicheko. "Tisini? Dada yangu, kwa tisini nakupa matatu, na yapa juu!" Yapa ni ile nyongeza ya bure, kwetu muuzaji asiyeitoa husemwa soko zima.

Bi Maruja hakucheka. Alimwonyesha mama ule mstari kwenye simu yake. "Anayedanganya bei atadanganya na sufu," alisema, akaenda zake. Na mhandisi wetu, aliyekuwa kando ya meza? Alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli Quito. Mwoga mkubwa!

Nilimweleza mama yote, nikilia kwa aibu. Kisha nikachukua simu, nikafuta tisini. Chini yake palikuwa na nafasi ambayo Edison, pamoja na elimu yake yote, aliiruka: bei ya jumla.

"Anayechukua kumi unampa yapa gani?" nilimuuliza mama.

"Moja."

Nikaandika hivyo, nikamkimbilia Bi Maruja hadi kituo cha basi. "Mimi ndiye niliyeandika tisini, si mama. Nilidanganya. Bei yetu ya kweli ni hii."

Alisoma polepole. "Na hilo la kumi na moja ni bure kweli?"

"Twende ukahesabu mwenyewe."

Alirudi, akalipia ishirini, akahesabu ishirini na mawili.

Mvua ya kwanza ilitukuta tunafuma chini ya mabati mapya. Mama akasimamisha mtambo wa kufumia.

"Mwanangu, yapa inanigharimu sufu na siku nne za kazi. Zile dola sitini ulizompunguzia Bi Maruja, zilikugharimu nini?"

"Hazikuwepo, mama."

"Basi usimgawie mtu kitu ambacho hakipo, halafu ungoje akushukuru."