Iria na Mguu wa Nta

Kila siku alasiri, shule inapofungwa, Iria alikuwa akipita mbele ya kibanda changu akipiga danadana. Mimi ni Felismina. Nauza mishumaa mlangoni pa kanisa la Mtakatifu Bento, mlimani juu ya mji wetu. Pamoja na mishumaa nauza viungo vya mwili vilivyotengenezwa kwa nta. Anayeumwa mkono hununua mkono, anayeumwa kichwa hununua kichwa, akampelekea Mtakatifu pamoja na ombi lake. Kwetu ndivyo ilivyo tangu enzi za mababu.

Iria ana miaka kumi na miwili. Baba yake ni Adérito Quintela, na katika mji huu hakuna asiyemjua. Alikuwa beki wa kushoto. Alicheza ligi kuu misimu sita, kisha siku moja, akiwa na miaka ishirini na sita, akatolewa uwanjani kwa machela na hakurudi tena. Wazee wa mkahawani walisema alivunjwa na namba tisa wa timu pinzani. Walikuwa wakimlaani mtu huyo kila Jumapili wakinywa kahawa, na Adérito akiwasikiliza kimya. Siku hizi ni mtunza vifaa wa klabu yetu. Anafua jezi za watoto, na anatembea akiburuta mguu wa kushoto. Maskini, ana miaka arobaini na mitatu tu.

Mwezi wa Machi, mvua ikinyesha bila kupumzika, nilianza kumwona Iria akishuka ngazi za kanisa upande upande.

"We Iria, mguu una nini?"

"Viatu vinanibana, Mama Felismina."

"Wiki ya tatu hii vinabana tu?"

Akacheka, akaenda zake.

Jumatano moja akaja peke yake, amelowa chapachapa. Jumamosi ya wiki hiyo kulikuwa na majaribio ya timu ya wasichana ya mkoa, na kocha alishamwambia kuwa akicheza kama kawaida yake, nafasi ya beki wa kushoto ni yake. Alisimama mbele ya meza yangu, akachukua mguu mmoja wa nta.

"Wa nani huo?"

"Wa Bibi. Goti linamsumbua."

Bibi yake, Deolinda, nilikuwa nimemwona asubuhi hiyohiyo akipanda mlima na gunia la kabichi begani. Nilijua naongopewa. Hata hivyo nilimuuzia, maana siku ya mvua wateja hawapo, nami nina tamaa zangu. Alipofika mlangoni pa kanisa akageuka.

"Mama Felismina, Mtakatifu huchukua siku ngapi?"

"Inategemea."

"Tatu zinatosha?"

Akaingia ndani. Nilikaa kwenye kigoda changu, moyo ukinisuta. Miaka kumi na minane iliyopita, kijana mmoja alikuja papo hapo, kofia ameivuta hadi machoni, akanunua mguu. Nilipomuuliza ni wa nani, alisema ni wa mama yake. Mama yake ni huyohuyo Deolinda.

Nilifunga kibanda, nikashuka hadi uwanjani. Adérito alikuwa katika chumba cha vifaa, akianika jezi.

"Adérito, mwanao amenunua mguu."

Mikono yake ikasimama. "Ukamuuzia?"

"Nikamuuzia."

"Na mimi uliniuzia," akasema, tena bila hasira. Afadhali angenifokea.

Tulimkuta Iria jikoni kwao, mbele ya bakuli la supu ya kabichi ambayo hakuigusa. Baba yake akamwambia aweke mguu juu ya kiti, kisha akambonyeza chini ya goti kwa kidole kimoja. Mtoto akauma midomo, machozi yakamtoka.

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi. Baba, niache mpaka Jumamosi tu. Nikishachaguliwa nitasema, naapa."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Si wewe? Bibi anasema ulikuwa unacheza hata ukiwa na maumivu. Na kama si yule namba tisa, ungekuwa sawa tu."

Adérito akakaa polepole, akakunja suruali. Makovu ya goti lile sikuwahi kuyaona. Niliangalia pembeni.

"Namba tisa hakunigusa," akasema. "Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Goti liliniuma misimu miwili. Daktari akiniuliza, namwambia niko fiti. Likizidi, naomba sindano ya kuua maumivu, naingia uwanjani. Siku ile niligeuka kuufuata mpira, peke yangu, likakatika. Watu wakasema nimechezewa rafu, nikawaacha waseme. Kuhurumiwa kulikuwa kutamu kuliko kuitwa mjinga."

"Kwa hiyo umenidanganya."

"Ndiyo, mwanangu. Tangu ulipozaliwa."

Iria aliingia chumbani, akabamiza mlango. Tulimsikia akilia, na hatukumfuata.

Kesho yake daktari alisema mfupa wa chini ya goti, ambao bado unakua, umevutwa mno mpaka umevimba. Akampa mapumziko ya miezi minne. Angeulazimisha zaidi, angeweza kuumia vibaya. Ijumaa Adérito aliingia mkahawani, akawaambia wazee ukweli wote kuhusu namba tisa. Wengine walimpa mkono. Mmoja hamsalimii mpaka leo. Nami tangu hapo simuuzii mtoto kiungo bila kumwita mzazi wake. Namheshimu sana Mtakatifu Bento, lakini sidhani kama anapenda kuombwa kwa uongo.

Jumamosi Iria alitaka mwenyewe kwenda kutazama. Tulikaa benchi watatu chini ya mwavuli wangu. Nafasi ya beki wa kushoto ilipewa msichana wa kijiji cha jirani.

"Hata kukaba hajui," Iria akasema.

"Hajui," baba yake akakubali.

"Na mimi nikipona, wakikataa kunichukua?"

Adérito akamgeukia. "Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikufa, lakini mpira wangu ulikufa, na niliuua mwenyewe kwa kunyamaza. Maumivu yakija, sema siku hiyohiyo, hata kama kusema kutakunyima kitu unachokitaka. Wakikataa kukuchukua, utakuwa umekosa timu. Goti utabaki nalo."

Majaribio yalipokwisha, Adérito alijaribu kuinuka mara mbili, akashindwa. Binti yake akamsogezea bega. Akalishika, akasimama, wakaondoka mvuani polepole, wote wawili wakichechemea.